Kongamano Limepooza: Dalili, Vyanzo na Marekebisho

Mwongozo huu ni wa kamati za maandalizi: mikutano mikuu ya vyama vya taaluma, makongamano ya mwaka na warsha za wadau, zenye watu kati ya 40 na 300, za siku moja hadi tatu. Malalamiko yanayotolewa baada ya mikusanyiko ya aina hii yanafanana mno, kiasi cha kuweza kupangwa kwa dalili. Tafuta dalili yako, anza na chanzo cha juu kwa sababu ndicho kinachotokea mara nyingi zaidi, na fanya ukaguzi usiogharimu chochote kabla ya kugusa bajeti.

Kauli ya "washiriki wetu ni wazito" isiingie kwenye taarifa ya kamati kabla hesabu ifuatayo haijafanyika.

Ukaguzi wa kwanza, dalili iwe ipi: ratiba na penseli

Chukua ratiba iliyochapishwa. Pigia mstari kila dakika ambayo anayezungumza ni mtu wa mbele: mgeni rasmi, mtoa mada, mwanajopo, mshereheshaji. Kinachobaki bila mstari, ukiondoa chai na chakula, ndio muda wa washiriki.

Mfano. Siku inaanza saa 3:00 asubuhi na kwisha saa 10:30 jioni: dakika 450. Toa chai 30 na chakula 60, zinabaki 360. Ufunguzi 60, mada tano za dakika 40 ni 200, jopo 60. Jumla 320. Watu 120 wamebakiziwa dakika 40, yaani sekunde 20 kila mmoja, na hapo hujahesabu aliyechelewa. Ukumbi wa namna hiyo hauchangamki hata ukodi mshereheshaji wa harusi.

Kipimo cha kuanzia ni theluthi moja: katika dakika 360, zisizopungua 120 ziwe za washiriki kuzungumza, kuandika, kuamua au kujaribu kitu. Kama hazifiki, usitafute chanzo kingine kwanza. Punguza mada kutoka tano hadi tatu na kila moja iwe dakika 25. Kwa ratiba ile ile utapata dakika 165. Watoa mada waliopunguzwa wasifukuzwe. Wape meza ya mazungumzo ambako watakaa na watu 8 wanaotaka hasa kusikia jambo hilo, na makala zao zigawiwe kwa kundi la WhatsApp wiki moja kabla.

Dalili: Wakati wa maswali ukumbi unanyamaza

Hii ndiyo inayoripotiwa kuliko zote, na vyanzo vyake ni vingi.

1. *Swali ni pana na muda wa kusubiri ni mfupi.* "Kuna mwenye swali?" halafu sekunde mbili, halafu "basi tunamshukuru mtoa mada wetu, tumpigie makofi." Katika miaka ya 1970 mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, alipima jambo hili madarasani: walimu walikuwa wakisubiri takriban sekunde moja tu baada ya kuuliza. Waliposubiri sekunde 3 au zaidi, majibu yalirefuka na wanafunzi waliojitokeza wenyewe kuchangia wakaongezeka. Ukumbi wa watu wazima 150 unahitaji zaidi ya hapo, kwa kuwa anayetaka kuuliza anapima kwanza nani yuko chumbani.

Ukaguzi: mwenyekiti wa kikao ahesabu kimoyomoyo hadi kumi baada ya kuuliza. Ni muda mrefu kuliko unavyodhani, na karibu kila mwenyekiti hukatisha anapofika nne.

Marekebisho: usifungue maswali moja kwa moja. Sema, "Geukia aliye kulia kwako. Mna dakika mbili, mkubaliane swali moja mnalotaka lijibiwe." Zikiisha, elekea upande mmoja wa ukumbi: "Mstari huu wa dirishani, mmekubaliana swali gani?" Kelele za dakika hizo mbili ndizo zitakazokuonyesha kwamba watu walikuwa na la kusema tangu mwanzo. Tena, anayeuliza sasa anabeba swali la wawili, kwa hiyo aibu imegawanyika.

2. *Cheo kimekaa katikati ya chumba.* Mkurugenzi yuko meza ya tatu, wasaidizi wake wamemzunguka. Hakuna atakayesema mfumo wa manunuzi una kasoro wakati aliyeuidhinisha anakunywa maji pembeni yake. Ukaguzi ni rahisi: angalia kama watu hutazama upande mmoja kabla ya kunyoosha mkono. Marekebisho ya haraka ni kadi, yaani kila mtu anaandika hoja moja bila jina, kadi zinakusanywa, zinachanganywa na kusomwa na mwezeshaji. Marekebisho ya kina zaidi ni kupanga meza kwa ngazi ya kazi: wakuu wa idara meza zao, maafisa wa wilayani zao, halafu matokeo yawekwe ukutani pamoja. Mkuu mwenyewe akiombwa mapema azungumze wa mwisho, na si wa kwanza, kazi inakuwa nyepesi sana.

3. *Lugha.* Slaidi ni za Kiingereza, mtoa mada anaongea Kiingereza, halafu mwenyekiti anasema "mnaruhusiwa kuuliza kwa Kiswahili." Ruhusa hiyo haitumiki. Mtu mzima hapendi kuwa wa kwanza kuitumia mbele ya wenzake, maana ni sawa na kutangaza kwamba kile kingine kinampa shida. Dawa ni mwenyekiti mwenyewe kuuliza swali la kwanza kwa Kiswahili na mtoa mada kujibu kwa Kiswahili. Kila slaidi iwe na sentensi moja ya Kiswahili inayobeba hoja kuu. Na kazi za vikundi ziandikwe kwa lugha ambayo watu hao hutumia kazini wanapobishana.

4. *Maiki iko mbali.* Kama muulizaji lazima atembee hadi mbele, utapata maswali ya wale tu waliozoea kusimama mbele. Maiki mbili zisizo na waya kwa kila watu 100, kila moja ikiwa na mtu wake wa kuizungusha, ndicho kiwango cha chini.

5. *Mada si yao.* Chanzo hiki hakijitokezi mara nyingi kama vile vilivyotangulia, lakini ndicho kigumu kuliko vyote, na siku ya tukio umeshachelewa. Kinatibiwa kwenye usajili: fomu iwe na swali moja la lazima, "Ni tatizo gani la kazi ungependa uondoke hapa ukiwa na jibu lake?" Majibu 80 ukiyapanga kwa mafungu utapata mafungu kama matano au sita, na hayo ndiyo yawe vichwa vya vikao. Kamati nyingi huuliza swali la chakula na saizi ya fulana, hili hawaulizi.

Simama hapa. Kama ukimya unatokana na mgogoro ulio hai (fedha za chama zilizopotea, watu waliopunguzwa kazini, tuhuma za unyanyasaji), usitumie mbinu yoyote kati ya hizi kuwalazimisha watu waseme. Anayefunguka ukumbini anaweza kulipia wiki inayofuata. Tafuta msuluhishi kutoka nje ya taasisi, na kama kuna tuhuma ya kosa la jinai, jambo hilo ni la vyombo vya sheria. Halifai kuwa kikao cha kongamano.

Dalili: Wanaoongea ni wale wale watatu

Kipindi cha maswali cha dakika 10, kila mchangiaji akitumia dakika tatu, kinatosha watu watatu na majibu hayajatoka. Kwa hiyo chanzo cha kwanza ni hesabu, tabia za watu zinafuata.

Chanzo cha pili ni maiki kukabidhiwa. Aliyeshika maiki ndiye mwenyekiti wa muda huo. Mhudumu aishike yeye, aisogeze mdomoni kwa muulizaji, na asiiachie. Kanuni itangazwe kabla: sentensi mbili, ya pili iishie na alama ya kuuliza.

Wazee wa taaluma hawakatizwi kwa kengele. Mwenyekiti asogee karibu, asubiri pumzi, aseme, "Mzee wetu, hoja hiyo ni nzito, naomba tuiandike pale isipotee," kisha mtu aiandike kweli kwenye bango lenye kichwa "Hoja za kurudia". Bango likibaki tupu siku nzima, ujanja huo hautafaa tena siku ya pili. Tengeni dakika 20 kabla ya kufunga za kulirudia.

Dalili: Ratiba inaporomoka asubuhi, jioni vikundi vinafutwa

Kila muda unapopungua, kinachokatwa ni sehemu ya washiriki, kwa sababu haina jina la mtu kwenye ratiba. Ndiyo maana kongamano lililopangwa vizuri kwenye karatasi linaishia kuwa foleni ya hotuba.

Chanzo kikuu ni ufunguzi kufungwa kwenye saa ya mgeni rasmi. Ratiba inasema saa 3:30, mgeni ana kikao kingine, anaingia saa 5:10. Watu wameimbishwa, wamekunywa maji, wamesoma magazeti. Akifika kuna utambulisho, salamu za wenyeji, risala, hotuba, picha ya pamoja. Dakika 100 zilishakwenda kabla hajaingia, na nguvu ya asubuhi imeondoka nazo.

Panga ufunguzi unaohama. Kazi ianze saa 3:00 kamili kwa kikao ambacho hakimhitaji mgeni rasmi, na kiwe cha vikundi, kwa sababu kinaweza kukatizwa bila kumvunjia heshima mtoa mada. Mgeni akifika saa 4 au saa 5, kikao kinasimama palipofika, ufunguzi unafanyika, watu wanarudi mezani. Jambo hili likubaliwe na msaidizi wa mgeni pamoja na afisa itifaki siku tatu kabla, kwa maandishi, likiwa na dakika za kila tendo. Viongozi wengi hulipenda: wanakuta watu wanafanya kazi, na mara nyingi huomba kuzungukia meza mbili tatu.

Chanzo cha pili ni itifaki kurudiwa. Wazungumzaji sita, kila mmoja akianza kwa kutaja wageni kumi na wawili kwa vyeo, ni dakika 15 zisizo na habari mpya. Msemaji wa kwanza ataje orodha yote. Wanaofuata waelekezwe waseme "itifaki imezingatiwa" na kuendelea. Liandikwe kwenye barua ya kila mzungumzaji, lisiombwe ukumbini.

Chanzo cha tatu ni picha ya pamoja. Watu 200 kutoka ukumbini, kupangwa ngazini na kurudi ni dakika 25 hadi 30. Iunganishwe na chai, na vikombe vianze kujazwa wakati ule ule.

Na ikiwa bado muda umepotea? Amueni mapema, kwa kura ya kamati, ni kipi kitakatwa kwanza, na kikao cha washiriki kiwe cha mwisho katika orodha hiyo. Mshereheshaji apewe orodha yenyewe mfukoni. Bila karatasi hiyo atakata vikundi, kwa kuwa vikundi havitampigia simu kulalamika.

Dalili: Maiki inapiga mluzi kila mshiriki akiishika

Ni dogo lakini linaua mazungumzo: mtu akishapigiwa mluzi mara moja harudii. Mara nyingi mshiriki amesimama mbele ya spika, au ameziba kichwa cha maiki kwa kiganja kama wasanii wa jukwaani. Maspika yawe mbele ya mstari wa watakaoongea, yakitazama hadhira, na wahudumu waoneshwe sehemu za kutokukanyaga. Kisha angalia betri: maiki zisizo na waya zibadilishwe betri wakati wa chakula, hata kama taa bado ni ya kijani. Fundi mitambo afike dakika 90 kabla ya kikao kuanza na ajaribu sauti akiwa nyuma kabisa ya ukumbi.

Simama hapa. Waya wa kurefusha umeme ukiwa wa moto mkononi, kuna harufu ya plastiki kuungua, au mtu anahisi kutekenywa na umeme midomoni anapogusa maiki, zima umeme wa mitambo yote na mwite fundi umeme mwenye leseni. Usibadilishe plagi na kuendelea. Jenereta likikodiwa, liunganishwe na fundi huyo, na likae nje, mbali na madirisha, kwa sababu moshi wake una kaboni monoksaidi, gesi inayoua bila harufu ya kukutahadharisha.

Dalili: Vikundi vinakaa dakika 45 na hakuna kinachotoka

Ukipita katikati ya vikundi vya namna hii utaona picha moja: mtu mmoja ameinama juu ya bango kitita, wawili wanambishia, sita wameegemea viti. Mwishoni msemaji anasimama, anasoma yaliyoandikwa, na kundi la tano linasema, "Mengi yameshasemwa na wenzetu."

Chanzo cha kwanza ni ukubwa. Kikundi kifanye kazi kikiwa na watu 5 au 6. Kikipita 8 kinagawanyika chenyewe kuwa mazungumzo mawili na watazamaji. Ukisikia "tutagawanyika vikundi vinne" katika ukumbi wa watu 100, umeshasikia tatizo.

Chanzo cha pili ni kazi isiyo na umbo. "Jadilini changamoto na fursa za sekta yetu" haina mwisho, kwa hiyo haina mwanzo. Kazi nzuri ina kitenzi, kiasi na kikomo: "Chagueni kikwazo kimoja ambacho nyinyi wenyewe, bila kusubiri wizara, mnaweza kukipunguza ndani ya siku 90. Andikeni hatua tatu na nani ataanza." Iandikwe kwenye karatasi na kuwekwa mezani, maana maelekezo ya mdomo husahaulika kabla viti havijasogezwa. Ijaribuni kwanza nyinyi wanakamati: kama watu watano hawakubaliani kazi inataka nini ndani ya dakika moja, iandikeni upya.

Hakuna aliyefikiri peke yake kabla kikundi hakijaanza: hicho ni cha tatu. Dakika 3 za kimya, kila mtu na kadi yake na kalamu, hoja moja kwa kadi moja. Kisha kila mmoja anaweka kadi mezani na kuisoma kabla mjadala haujafunguliwa. Hatua hii peke yake huwatoa wale sita kwenye migongo ya viti.

Cha nne ni meza. Meza ya duara ya mita 1.8 hukaa watu 10 wakila, lakini katika ukumbi wenye kelele aliye ng'ambo hamsikii wa upande huu. Chukua za mita 1.5, zikae watu 6. Viti vya mistari visivyohamishika? Mstari wa mbele ugeuke nyuma, watatu kwa watatu, inatosha. Kumbuka pia nafasi: meza za duara hutaka takriban mita za mraba 2 kwa mtu, viti vya mistari karibu nusu ya hapo. Ukumbi unaotangazwa kuwa wa watu 200 huenda ukawa wa 200 kwa viti vya mistari tu. Uliza kabla ya kulipa malipo ya awali.

Sasa taarifa za vikundi, ambako jasho lote humwagika bure. Vikundi 12 kwa dakika 5 ni saa nzima, na kuanzia cha nne hakuna anayesikiliza. Acheni kusomewa. Bandikeni mabango ukutani, yakiwa yameandikwa kwa maka peni nyeusi au ya buluu (nyekundu na kijani hazisomeki kwa mbali), herufi za sentimita 4, mistari isiyozidi 8. Mtu mmoja abaki kwenye bango la kikundi chake kujibu, wengine wazunguke wakiwa na vibandiko vitatu kila mmoja na kuviweka kwenye hoja wanazoziona nzito. Dakika 25 zinatosha. Mwenyekiti anachukua zile tatu zilizopata vibandiko vingi na kufungua mjadala wa wote juu ya hizo pekee. Selotepu ya karatasi inunuliwe mapema na mwenye ukumbi aulizwe, kwani kumbi nyingi zinakataza kubandika kwenye rangi. Kamba na vibanio vya nguo hufanya kazi ile ile.

Kama vikundi vimerekebishwa kwa yote hayo na bado havina uhai, kuna njia ya ndani zaidi: kuwaachia washiriki ratiba. Harrison Owen wa Marekani aliitumia kwa mara ya kwanza katikati ya miaka ya 1980. Watu wanakaa duara, mwenye jambo anasimama katikati, analiandika kwenye karatasi, analitaja, analibandika ukutani kwenye saa na mahali. Kwa dakika 30 ukuta unajaa na kila mtu anachagua. Vikao vya dakika 60 hadi 90, na kanuni kuu ni moja: usipojifunza wala kuchangia, tumia miguu yako uende kwingine. Inahitaji nusu siku isiyopungua na mwezeshaji aliyewahi kuiendesha. Usiitumie pale ambapo uongozi umeshaamua jibu. Watu watajua kabla ya chakula cha mchana.

Dalili: Baada ya chakula nusu ya viti ni vitupu

Angalia kwanza saini za posho. Posho na nauli zikilipwa saa 6 mchana, saa 8 utakuwa na ukumbi wa wasiohitaji nauli. Lipa mwisho wa siku, kwa simu ikiwezekana, na itangazwe asubuhi ili watu wasikae wakiulizana. Lakini tusijidanganye: posho ikiwa ndiyo gundi pekee, umewashika miili tu.

Halafu angalia kilichowekwa saa 8. Wasilisho refu baada ya wali na nyama, kwenye chumba chenye pazia, ni kosa la mpangaji. Muda huo uwe wa kutembea: mabango ya ukutani, ziara ya karibu, meza za kujaribu vifaa.

Siku ya Ijumaa acha nafasi ya swala, kuanzia kama saa 6:30 hadi saa 8:00, na chakula kiwe ndani ya muda huo. Ukipuuza, utapoteza sehemu ya ukumbi na wenzao waliobaki watakuwa wanawasubiri. Siku ya mwisho watu wa safari ndefu huondoka mchana. Maazimio yapitishwe kabla ya chakula.

Dalili: Watu wanasinzia au wako kwenye simu

Hewa kwanza. Chumba kilichofungwa chenye watu wengi na kiyoyozi kinachozungusha hewa ile ile hujaa kaboni dayoksaidi ndani ya saa moja, na usingizi hufuata. Fungua milango yote wakati wa chai na acha miwili wazi. Mapazia yafunguliwe; kama projekta haionekani kwenye mwanga, kodi yenye mwanga mkali zaidi badala ya kuwakalisha watu gizani.

Slaidi zifuate: herufi zisipungue ukubwa wa 28. Kwa mtoa mada asiyejua kufupisha, mpe umbo lililobuniwa Tokyo mwaka 2003 liitwalo PechaKucha: slaidi 20, kila moja sekunde 20, zikijiendesha zenyewe. Ni dakika 6 na sekunde 40, hakuna wa kumkatiza.

Mtu akizimia au kulalamika maumivu ya kifua, hiyo si dalili ya kongamano: ita gari la wagonjwa na fungua njia ya mlango.

Dalili: Walio mtandaoni hawasikiki kabisa

Sauti wanayopata inatoka kwenye maiki ya kompyuta mpakato iliyo mita sita kutoka kwa msemaji. Toa waya kutoka kwenye mikisa (mashine ya kuchanganyia sauti) ya ukumbi hadi kwenye kompyuta, na mtu mmoja asikilize kwa hedifoni kutoka chumba kingine. Teua mtu ambaye kazi yake pekee ni kuwa mdomo wao: anasoma gumzo na ana haki ya kunyoosha mkono ukumbini. Vikundi vyao viwe vyao wenyewe; kuwachanganya na meza ya ukumbini hakufanyi kazi. Intaneti ya hoteli ijaribiwe watu wakiwa wamejaa, na uwe na laini ya pili ya mtandao mwingine wa simu.

Mkutano wa kanda wenye wajumbe kutoka Bujumbura au Goma huhitaji wakalimani, na hapa usibahatishe: wawili kwa kila lugha, wakipokezana kila baada ya dakika 20 hadi 30, na hotuba wapewe siku moja kabla. Afisa anayejua Kifaransa si mkalimani. Atachoka ndani ya saa moja na wajumbe wataacha kusikiliza bila kumwambia mtu.

Dalili: Wameondoka bila kufahamiana

Kujitambulisha kwa zamu ndiko chanzo. Watu 60 kwa dakika moja ni saa nzima, na hakuna jina linalobaki. Badala yake, vitambulisho viandikwe jina kwa herufi zinazosomeka mita 2 mbali, na chini yake mstari wa "Niulize kuhusu…" ambao mtu anaujaza mwenyewe. Chai igawiwe kwenye vituo vitatu au vinne ili foleni ziwe fupi, na meza ndefu za kusimamia ziwepo. Dakika 30 za chai zisipunguzwe kufidia hotuba; hapo ndipo kazi kubwa inapofanyika.

Dalili: Fomu za tathmini zinasema "nzuri sana", mwaka unaofuata hawarudi

Fomu inayojazwa mlangoni, mbele ya mwandaaji, begi likiwa begani, hupima adabu tu. Isambazwe dakika 15 kabla ya kikao cha mwisho kwisha, bila jina, na maswali yawe matatu: Kikao kipi kingefutwa usingejali? Umepata nini utakachotumia Jumatatu? Ulitaka kusema nini ukakosa nafasi?

Kisha, baada ya siku 30, wapigieni simu watu 15 waliochaguliwa bila upendeleo, wakiwemo watano walioondoka mapema. Namba za usajili zitumike kwa hilo endapo tu fomu ilieleza hivyo: Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na Kenya ina yake ya 2019, na orodha ya washiriki haigawiwi kwa wadhamini kwa kuwa tu wameomba. Kama hamna uhakika na maelezo ya fomu, mwanasheria ayapitie kabla usajili haujafunguliwa. Katika simu ulizeni jambo moja lililofanyika tangu waliporudi kazini. Wanaojibu kwa mifano, wawili au watatu kati yao, waingizwe kwenye kamati ya ratiba inayofuata kabla jina la mgeni rasmi halijapendekezwa.